Bahasha ya dawa imeandikwa "1x3": nimeze vipi?

Swali: "1x3" maana yake nini?

Kidonge 1, mara 3 kwa siku. Lakini wapo wanaoelewa kidonge kimoja kwa siku tatu, na wapo wanaomeza vitatu kwa mpigo. Siwalaumu, maana ile ni lugha ya wahudumu wenyewe kwa wenyewe.

Hata "kutwa mara 3" inapotosha. Kutwa kwa wengi ni toka jua linachomoza hadi linazama. Shangazi yangu alipopewa amoksilini, kidonge cha mwisho alikimeza kuku wakiingia bandani, kisha hadi asubuhi hakuna kitu. Wakati dawa ile ilitakiwa ipishane kwa saa 8! Angeandikiwa "saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku", asingekosea.

Swali: Hilo si tatizo la wasiojua kusoma tu?

Hapana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 nchini Marekani, wagonjwa 395 walionyeshwa lebo isemayo "meza vidonge viwili mara mbili kwa siku". Kwa wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, takriban 71 kati ya kila 100 waliweza kueleza maagizo hayo. Walipoambiwa wahesabu vidonge vya siku nzima, waliopatia hawakuzidi 35 kati ya kila 100. Wengi wao maneno waliyapata, ila lebo iliwaachia hesabu ya kupiga wenyewe.

Swali: Na dawa ya maji ya mtoto, "kijiko kimoja"?

Kijiko kipi? Kipimo cha kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15, yaani mara tatu yake. Parasetamoli ikizidi sana huharibu ini la mtoto. Lebo itaje mililita, na uombe kikombe chenye mistari au bomba la sindano lisilo na sindano, uonyeshwe mstari wenyewe kwa kidole.

Swali: Nikiwa kwenye dirisha la dawa nifanyeje, na foleni ni ndefu?

Sema tu: "Naomba uniandikie saa za kumeza." Iandikwe pia ni dawa ya nini, ya siku ngapi, kabla au baada ya kula. Kisha mrudishie maelezo kwa maneno yako, akusahihishe hapo hapo. Kwa bibi asiyesoma, achorewe jua na mwezi, na vidonge vyenyewe pembeni. Ni haki yako, foleni itasubiri.

Maandishi yakifutika kwa jasho au maji, usikisie. Rudi na bahasha yako dirishani.