Ujumbe wa "nafasi za udaktari" unaozunguka Lamu

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ujumbe ule ule hurudi kwenye magrupu ya Lamu: gredi yoyote inaingia udaktari, tuma tu pesa ya "kushika nafasi" kwa namba hii.

Si kweli. Digrii yoyote chuo kikuu Kenya yahitaji angalau C+, na udaktari huangalia hasa Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Ushindani huipandisha alama mbali zaidi.

Mkanganyiko una asili yake. Mwenye C husomea diploma ya afisa wa kliniki, na huku kwetu, akishavaa koti jeupe, ni daktari tu.

Masharti na ada ziko kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Namba ya mtu binafsi si ya chuo. Ukiupokea, usiusambaze.