Manowari zilizozama kama makaburi ya baharini: dhana potofu na ukweli wa sheria

Watu wengi huamini kwamba manowari ikizama na mabaharia wake, papo hapo inakuwa kaburi la vita linalolindwa na sheria ya kimataifa. Imani hiyo imejaa heshima, lakini si sahihi. Hakuna mkataba wa dunia nzima unaoifanya meli kuwa kaburi kwa sababu tu ina mifupa ya watu ndani yake. Kinachoilinda, mara nyingi, ni jambo kavu zaidi: meli ya kivita ni mali ya dola, na dola haipotezi mali yake kwa sababu imezama. Uzito wa tofauti hiyo unaonekana katika manowari tatu za Uingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, zilizopigwa na nyambizi moja ya Ujerumani asubuhi ya tarehe 22 Septemba 1914 katika Bahari ya Kaskazini, wakafa watu zaidi ya 1,400. Mwaka 1954 serikali ya Uingereza yenyewe iliuza haki ya kuopoa vyuma vyake, na mnunuzi alikuwa kampuni ya Kijerumani. Waliolala humo walikuwa wale wale. Mwenye mali ndiye aliyeamua vingine.

Dhana ya pili ni kinyume cha hiyo, nayo husikika sana miongoni mwa wawinda hazina: kwamba kilichokaa chini ya bahari karne moja au mbili hakina mwenyewe, na aliyekiona ndiye mwenye haki nacho. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba meli mbili za Uhispania zilizopotea karibu na Virginia, La Galga mwaka 1750 na Juno mwaka 1802, bado ni mali ya Uhispania, kwa kuwa nchi hiyo haikuwahi kutamka kwamba imeziacha. Baadaye kampuni moja iliopoa sarafu zipatazo 594,000 kutoka katika meli Nuestra Señora de las Mercedes, iliyolipuka vitani mwaka 1804, ikabeba mzigo huo hadi Florida. Mahakama zikasema hazina mamlaka juu ya manowari ya dola nyingine, na mwezi Februari 2012 sarafu zote zikarudishwa Uhispania. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 kuhusu vyombo vya kijeshi vilivyozama imeliandika jambo hilo waziwazi: haki ya dola haifutwi na kupita kwa muda, na anayevichokoa vyombo hivyo bila kibali anaweza kutozwa faini, ambayo mwaka 2004 iliwekwa kuwa hadi dola 100,000 kwa kosa moja, huku kila siku ya kuendelea ikihesabiwa kuwa kosa jipya.

Je, ni kweli kwamba kuzamia kwenye mabaki hayo ni marufuku kabisa? Inategemea ni mabaki gani. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 kuhusu mabaki ya kijeshi, ndege za kijeshi zilizoanguka zinalindwa zenyewe bila tangazo lolote, lakini meli lazima itajwe kwa jina kwanza. Zikishatajwa, nyingi huwekwa katika daraja ambalo mzamiaji anaruhusiwa kutazama bila kugusa wala kuingia ndani. Chache huwekwa katika daraja la pili, ambalo hata kukaribia chini ya maji kunahitaji leseni. Royal Oak, manowari ya Uingereza iliyozamishwa ndani ya ghuba ya Scapa Flow huko Scotland tarehe 14 Oktoba 1939, imo katika daraja hilo kali. Juu yake linaelea boya la kijani lenye maandishi yanayomwambia apitaye kwamba hapo ni kaburi la mabaharia na kwamba kuzamia bila ruhusa kumekatazwa. Hata hivyo kaburi hilo halikuachwa bila kuguswa kamwe: kila mwaka wazamiaji wa jeshi la wanamaji hushuka kubadilisha bendera, na mafuta yalipoanza kuvuja, matangi yalitobolewa na mafuta hayo yakafyonzwa. Mwenye kaburi anaruhusiwa kulitunza.

Wengine hudhani ulinzi huu ni wa manowari peke yake. Storaa ilikuwa meli ya mizigo iliyozamishwa karibu na Hastings, kusini mwa Uingereza, mwaka 1943 ikiwa katika msafara wenye ulinzi. Serikali ilipokataa kuitambua kuwa inastahili ulinzi huo, watoto wa mmoja wa waliokufa walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 ikaamuliwa kwamba meli ya kibiashara nayo inaweza kuwa katika utumishi wa kijeshi. Kwa kipimo hicho sioni namna ya kuiweka kando meli kama Khedive Ismail, ambayo Februari 1944 ilikuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa imepakia pia askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi, ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika mbili hivi, na watu 1,297 wakapotea.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji nao husifiwa kuliko unavyoweza. Unataka mabaki ya binadamu yaheshimiwe na vitu viachwe pale vilipo kama chaguo la kwanza, lakini unahusu vilivyokaa majini angalau miaka 100, hivyo meli za Vita Kuu ya Pili zitaanza kuingia humo mwaka 2039. Tena Marekani na Uingereza si wanachama wake.

Dhana inayodhuru zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba sheria ya mwenye meli humfuata mwizi popote alipo. Sheria ile ya 1986, katika bahari kuu, huwabana Waingereza na meli zilizo chini ya mamlaka yao tu. Mwaka 2016 wazamiaji walikwenda Bahari ya Java kujiandaa kwa kumbukumbu ya miaka 75 ya mapigano ya majini yaliyotokea huko mwaka 1942, na vipimo vya mawimbi ya sauti vikarudisha picha ya shimo lenye umbo la meli katika mchanga: manowari De Ruyter na Java za Uholanzi hazikuwapo tena, na sehemu kubwa ya nyingine yao, Kortenaer, ilikuwa imekwenda. Mwezi Mei 2023 Malaysia iliizuia meli ya kreni ikiwa na vyuma chakavu na makombora ya zamani, ikishukiwa kuzipora manowari za Uingereza Prince of Wales na Repulse, zilizozama Desemba 1941. Sababu ya kwanza ya kuizuia haikuwa kaburi wala mali ya Uingereza, bali kutia nanga bila kibali.