Pia ya goti ikihama, si lazima mbwa apasuliwe

Mwenye Chihuahua au Pomeranian akishaambiwa pia ya goti la mbwa wake inahama, mara nyingi huanza kutafuta hela ya upasuaji. Wengine humkanda wakidhani itakaa. Njia zote mbili ni za haraka mno.

Pia ya goti huteleza ndani ya mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Kwa mbwa wadogo mfereji huo mara nyingi hauna kina, au mfupa wa muundi umepinda, basi pia ya goti huchomoka upande wa ndani. Utamwona anakimbia, ghafla anakunja mguu wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu, anaunyoosha, anaendelea kama hakuna kitu. Ni umbile, kukanda hakuchimbi mfereji.

Daktari wa mifugo hupima kwa daraja 1 hadi 4. La 1, pia ya goti hutoka ikisukumwa kwa kidole na kurudi yenyewe: hapo kisu hakina kazi. La 2 linategemea. Kama haumwi na huchechemea kwa nadra, punguza uzito wake (hili watu hulipuuza sana) na mfuatilie. La 3 na la 4, pia ikiwa nje karibu muda wote, ndipo kwa kawaida mfereji huongezwa kina, na kipande cha mfupa kinachoshikilia kano kuhamishwa.

Aibuprofeni, dawa ya maumivu ya binadamu, usimpe, hata nusu kidonge. Huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Na akigoma ghafla kukanyaga kabisa, mpeleke upesi, huenda kano ya ndani ya goti imekatika.