Maziwa Si Dawa ya Sumu: Maswali ya Wachumaji wa Matunda ya Porini na Wapika Jamu

Je, matunda ya porini ni hatari?

Mengi hayana neno. Furu, mabungo, ukwaju, zambarau za kando ya njia: kuleni. Watoto wanaoletwa kwetu hospitalini wakiwa hoi hawakula mabungo. Wametafuna mbegu za mbono kaburi uliopandwa uwe ua wa nyumba, wamekula ndulele zilizogeuka manjano, au mbegu za mnanaha, ule mmea wa jalalani wenye maua meupe marefu na tunda la miiba. Wengine walikuwa wanachezea turituri, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, wakaziuma.

Nitajuaje kuwa tunda ni salama?

Kwa kulijua tangu zamani, basi. Kama wewe hulijui na wazee wa hapo hawalili, liache lilipo. Usiniambie ndege wanalila. Ndege hula pilipili na hawasikii ukali. Wala usionje kidogo "kupima". Mbegu ya mbono kaburi ina utamu wa karanga, ndiyo maana mtoto haishii kwenye moja. Mnavu nao chuma vitunda vilivyoiva vikawa vyeusi. Vya kijani vina sumu.

Nikilipika likawa jamu, si sumu itakufa?

Hapana. Moto huua vijidudu. Sumu ya mbono kaburi huvumilia hata kukaangwa, na ya mnanaha haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa uji ulikuwa umechanganyika na sumu ya mnanaha. Uji ulipikwa kama kawaida. Mamia ya watu waliugua na 5 wakafa.

Mtoto amekula kitu nisichokijua. Nimpe maziwa?

Usimpe. Maziwa hayaui sumu, hayaifungi, hayaisafishi. Nalisema hili karibu kila msimu wa matunda, na bado mama anaingia na chupa ya maziwa mkononi na mtoto aliyelegea mgongoni.

Hata nusu kikombe tu, wakati tunatafuta bodaboda?

Hata kijiko. Akishaanza kusinzia, maziwa hayo hayo yanaweza kumpalia yakaingia kwenye mapafu, na sasa ana matatizo mawili. Tena ninachokiogopa zaidi ni kwamba mkishampa maziwa mnakaa kusubiri "yafanye kazi". Hakuna kazi yatakayofanya.

Basi nimtapishe?

Usimtapishe. Si kwa kidole, si kwa maji ya chumvi, si kwa mafuta ya kula, si kwa yai bichi. Mtoe mabaki mdomoni, msukutue, mwondoke. Akisinzia mlaze ubavu njiani. Akiwa macho kabisa na ana kiu kwa sababu anatapika na kuhara, mpe maji kidogo kidogo kwa kijiko.

Anaweweseka na kushika vitu visivyoonekana. Bibi yake anasema ni mashetani.

Shikamoo bibi, lakini mtazameni macho. Mboni zimetanuka, mdomo umekauka, ngozi ni ya moto na nyekundu, moyo unakwenda mbio? Huyo huenda amekula mnanaha. Sijakataza dua. Ombeni mkiwa kwenye gari. Wanaopitishwa kwanza kwa mganga hutufikia usiku wa manane wakiwa wanatetemeka degedege, na hapo kazi yetu imekuwa ngumu mara kumi.

Ametapika mara moja na sasa anacheza. Bado niende?

Nenda. Sumu ya turituri na ya nyonyo inaweza kukaa saa nyingi, hata zaidi ya siku nzima, kabla haijajionyesha. Kucheza kwake si cheti cha afya.

Tuseme matunda ni salama. Jamu ya nyumbani niipikeje isiniharibikie?

Hapa tunaongea kwa furaha kidogo. Toa kokwa, pima matunda yaliyobaki, weka sukari ya uzito ule ule, kamulia ndimu na chemsha huku unakoroga. Dondosha kidogo kwenye sahani baridi. Ukisukuma kwa kidole ikajikunja juu, imeiva. Watu hupunguza sukari kwa kubana matumizi, kisha wanashangaa ikichacha. Sukari ndiyo inayoilinda. Mimina ikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, funga. Ukiona ukungu, tupa yote. Kukwangua juu hakutoshi.

Na chupa iliyokuwa na dawa ya kuulia wadudu shambani haioshwi ikawa ya jamu. Hata ukiisugua kwa majivu na mchanga. Itoboe, isitumike tena.

Nikifika hospitali niseme nini?

Amekula nini, kiasi gani, saa ngapi. Njoo na tunda lenyewe, na tawi lenye majani, kwenye mfuko. "Kala kitu huko porini" hakutusaidii. Kama alikuwa na wenzake, waulize nao walikula nini, na uje nao, maana mara nyingi mmoja ndiye anayetapika na wengine wananyamaza wakiogopa fimbo.