Je, Afrika haijawahi kukua kiuchumi? Dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba uchumi wa Afrika ulidumaa tangu zamani, huku nchi zilizoendelea zikipanda bila kusita. Rekodi hazisemi hivyo. Wakulima wadogo wa Ghana ya leo walipanda kakao kwa jitihada zao wenyewe, na kufikia 1911 nchi yao iliongoza duniani kwa kuiuza nje. Uchumi wa nchi nyingi za Afrika ulikua tena baada ya Vita Kuu ya Pili, kabla ya kuporomoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Tatizo limekuwa kurudi nyuma, si kushindwa kuanza. Tuseme nchi mbili zina pato la 100 kwa kila mtu. Ya kwanza ikikua kwa asilimia 6 kwa mwaka kwa miaka 10, kisha ikashuka kwa asilimia 4 kila mwaka kwa miaka 10 mingine, itaishia 119. Ya pili, inayokwenda polepole kwa asilimia 2 bila kuanguka, itafika 149. Wanahistoria Broadberry na Wallis wameonyesha kwamba hata nchi tajiri za leo zilitajirika zaidi kwa kupunguza miaka ya kushuka kuliko kwa kuongeza kasi ya kupanda.

Wengine huamini kwamba kabla ya uhuru hapakuwa na takwimu za kuaminika. Serikali za makoloni ya Uingereza zilijaza kila mwaka madaftari yaliyojulikana kama Vitabu vya Buluu, yakiwa na ujira wa vibarua, bei za vyakula na shehena za bandarini. Mtafiti huchukua ujira wa kibarua kwa mwaka, akaugawanya kwa gharama ya kapu la mahitaji ya familia: nafaka, maharage, mafuta, nguo, kuni. Kwa njia hiyo wanahistoria wa uchumi Frankema na van Waijenburg walibaini kwamba vibarua wa miji ya Afrika Magharibi walipata zaidi ya mahitaji ya lazima, na kuwazidi wenzao wa baadhi ya miji ya Asia. Ni kweli kwamba ujira wa mjini hautuelezi hali ya mkulima wa kijijini, na jambo hilo lisisahaulike.

Dhana ya tatu ni kuichukulia namba ya pato la taifa kana kwamba imepimwa kwa mizani. Mwaka 2010 Ghana ilibadili mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kuwa msingi wa kukokotoa pato, kutoka 1993 hadi 2006, na pato lake likapanda kwa takriban asilimia 60 kwenye karatasi, ingawa hakuna mwananchi aliyeamka tajiri zaidi. Kwa karne za mbali tahadhari inahitajika zaidi. Angus Maddison, aliyekusanya makadirio ya dunia nzima, alichukua dola 400 za thamani ya 1990 kwa mtu kwa mwaka kuwa kiwango cha kujikimu, na maeneo mengi ya kale akayaweka hapo au karibu na hapo. Kwa hiyo msomaji akikuta maeneo mawili yenye 400 katika mwaka 1000, asihitimishe kwamba yalilingana kwa umaskini, kwa kuwa namba hiyo imejaza mahali ambapo ushahidi ulikosekana.