Lori Likipita Mizani, Breki Bado Hazijapimwa

Madereva wengi wa malori, pamoja na matajiri wao, hupumua wakishapewa karatasi ya mizani, wakiamini kwamba gari lililopita mizani ni gari salama. Sisi tunaokagua magari baada ya ajali tunaomba imani hiyo itazamwe upya. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka gari na tela lake visizidi tani 56 kwa jumla, na imeweka kikomo kwa kila kundi la ekseli, kwa lengo kubwa la kulinda barabara na madaraja. Uwezo wa kichwa chako, yaani gari la mbele linalovuta tela, kuvuta na kusimamisha mzigo umeandikwa kwingine, kwenye kibati cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida huwa mlangoni kwa dereva. Kama kibati kinasema tani 44 kwa kichwa pamoja na tela, basi tani 50 zimezidi, hata kama mizani imeziruhusu.

Uzito uliozidi hujificha kwenye tambarare. Kwenye mpando hujionyesha kidogo: injini inachemsha, klachi inanuka, mwendo unakuwa wa konokono, na dereva anajipa moyo kwamba akishafika juu taabu imekwisha. Hatari yenyewe iko kwenye mteremko. Chukueni lori linaloleta shaba kutoka Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam, ambalo ni lazima liushuke mlima Kitonga mkoani Iringa. Lori la tani 50 likishuka kimo cha mita 100 tu, nguvu inayopaswa kuzuiwa ili mwendo usiongezeke inatosha kuchemsha takriban lita 146 za maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20. Ongezeni tani 10, na hesabu inafika lita 175 hivi. Dereva akitegemea breki za miguu peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye drami, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, na brekishuu zinazoibana kwa ndani.

Drami ikipata moto hutanuka na kujitenga na brekishuu, wakati huohuo liningi, yaani uso wa brekishuu unaosugua drami, nazo zinapoteza uwezo wa kukamata. Ndiyo maana dereva aliyenusurika husema kwamba geji ya upepo wa breki ilikuwa imejaa, alikanyaga mpaka mwisho, na gari halikushika. Anasema kweli. Nimewahi kushika brekishuu iliyotolewa kwenye tela lililoanguka: uso wake ulikuwa laini na unang'aa kama kigae, na drami yake ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Hapakuwa na bomba lililopasuka wala upepo uliovuja. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko breki, basi.

Tela zito lina hatari nyingine. Dereva akifunga breki ghafla kwenye kona, tela huendelea kukisukuma kichwa, kikakunjika pembeni na kuziba barabara nzima. Kwa wenye pikapu, nyingi za tani moja huruhusiwa kuvuta kilo 750 tu ikiwa tela halina breki zake, kiasi ambacho tela dogo lililojaa mchanga hukipita kwa mbali. Na mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli ya tela, mkono wa tela unanyanyua mkia wa pikapu na tela linaanza kuyumba kushoto na kulia.

Dereva mara nyingi si yeye aliyepanga mzigo, na si haki lawama zote zimwangukie yeye aliyekuwa kwenye usukani. Tajiri na mwenye mzigo wanapaswa kusoma kibati kabla lori halijapakiwa. Dereva naye, akifika kileleni, asimame mahali salama, yeye na utingo wapite kila gurudumu wakisikiliza upepo unaovuja na kukaribisha mkono kwenye drami bila kuigusa, ili drami yenye moto kuliko wenzake ijulikane mapema. Kisha aingize gia nzito akiwa bado juu na kuiacha injini izuie mwendo, kwa sababu lori likishachanganya, gia hiyo haikubali tena kuingia, na anayejaribu kuilazimisha hubaki kwenye nyutro katikati ya mlima. Drami ikikutwa inatoa moshi, safari isubiri hapo hadi ipoe yenyewe, bila kumwagiwa maji.