Kulogana Mezani: Yasemwayo na Yaliyo

"Wanangu, mwalogana humu?" Bibi yake mwenyeji wetu alisimama mlangoni na sinia ya kahawa, kasikia mtu akipiga kelele kwamba amemteketeza mwenzake. Tulikuwa watano kwenye chumba cha juu, Mji wa Kale, Mombasa, dadu zimetapakaa mkekani. Tukamwamkia, tukamweleza kuwa ni hadithi tu, na huo uchawi ni hesabu za kujumlisha. Akaiokota dadu ya nyuso 20, akaigeuzageuza, akasema afadhali tungecheza bao.

Si yeye wa kwanza kushuku. Dungeons & Dragons, mchezo wetu huu wa kuigiza hadithi kwa dadu, ilitoka 1974, na miaka ya 1980 kule Marekani wapo wazazi walioamini watoto wao wanafundishwa ushirikina. Dhana hiyo naiacha hapo. Zinazonikera mimi ni za wachezaji wenyewe, wanapofika kwenye pambano la mchawi kwa mchawi. Sheria ninazotumia ni za toleo la tano, la 2014, ndizo za meza yetu.

"Mwenye moto mkubwa ndiye mshindi"

Haya, tupige hesabu. Madhara ya mpira wa moto hutupiwa dadu nane za nyuso sita, wastani wake 28. Mchawi wa daraja la 5, yaani kiwango chake cha uzoefu, mwenye afya ya kawaida ana uhai kama 32. Kwa hiyo hata ukimpata barabara, mara nyingi atabaki amesimama, ameungua nyusi, na zamu ni yake. Akiwahi kukwepa, anakula nusu tu. Na wewe wa daraja hilo una nafasi mbili tu za kutoa uchawi wa ngazi ya 3, kama mpira huo, kabla hujapumzika. Moja imeshakwenda.

Mcheza bao akifikisha kete kwenye nyumba yake huchagua: asafiri nayo au asimame. Anayesafiri kila mara kwa pupa humjua mpinzani wake kwa kufungwa. Bibi alikuwa na hoja, sema hatukumsikiliza.

"Ukiwa na Kaunta, pinga kila kitu"

Kaunta ndilo jina letu la manuizo (tendo la uchawi) ya ngazi ya 3 yanayozima manuizo ya mwenzako pale pale anapoyatoa. Yakiwa ya ngazi ya 3 kushuka chini, yanazimika bila dadu. Yakizidi hapo, unatupa dadu na kutafuta 10 ukijumlisha ngazi yake, isipokuwa Kaunta yenyewe umeilipia nafasi ya juu vya kutosha. Tamu, ndiyo maana wageni huitumia kama chumvi.

Kijana mmoja aliyejiunga nasi alimaliza Kaunta zake mbili kwa mambo ya kipuuzi: ya kwanza alizima ukungu, ya pili alizima vishale vya ngazi ya 1. Mpinzani wake akatabasamu, akavuta kikombe, akasema pole pole: "Sasa, mpira wa moto." Kijana akatazama karatasi yake kama mtu aliyefika kivukoni Likoni akakuta feri imeng'oa.

Anachosahau mtu ni kwamba kila mchezaji ana mwitikio mmoja tu, yaani tendo la kujibu nje ya zamu yake, mpaka zamu hiyo irudi. Ukiutumia kwa Kaunta, huna Ngao ya kujikinga; ukijikinga kwa Ngao, huna Kaunta. Mkiwa wawili dhidi ya mmoja, basi, mwanafunzi atangulie na kitu cha bei rahisi, mwalimu afuate na kizito. Tena usidhani unajua unachokizima. Kitabu cha nyongeza cha 2017 kinasema kuyatambua manuizo yanayotolewa hugharimu mwitikio wako huo huo, kwa hiyo kwa sheria kali unapinga gizani. Meza nyingi husamehe hili. Yetu haisamehi, na naona ni sawa.

Halafu kuna umbali. Kaunta hufika futi 60, mpira wa moto hufika futi 150. Kwenye vichochoro vya huku kwetu tofauti hiyo haina maana, lakini uwanjani anayesimama mbali hupiga bila kupingwa.

Toleo la 2024 limepunguza makali: anayepingwa hutupa dadu ya ustahimilivu, na akishindwa, nafasi yake haipotei. Nilinung'unika kwanza, nikazoea.

"Vishale ni vya wanafunzi"

Vishale vitatu, kila kimoja madhara ya 2 hadi 5, na havikosi shabaha. Kidogo? Mpinzani akiwa ameshikilia manuizo yanayotaka umakini, kila kishale kinachompata kinamlazimisha kutupa dadu ya nyuso 20, apate 10 au zaidi, la sivyo manuizo yanakatika. Akiwa na nyongeza ya 2, kwa kishale kimoja ana asilimia 65 ya kuhimili. Kwa vitatu mfululizo inashuka hadi kama asilimia 27. Dawa yake ni Ngao, inayovizuia vyote, na hapo mwitikio wake umekwisha. Vyovyote atakavyochagua, umemla kitu kwa nafasi ya ngazi ya 1.

"Pambano lazima mtu afe"

Inategemea mchezo. Ars Magica, uliotoka 1987, una pambano rasmi liitwalo certamen, ambalo wachawi humalizia ugomvi wao bila damu. Anayeshindwa huishiwa nguvu tu.

"Mkamate, kwisha habari"

Hapana. Kumkumbatia mchawi hakumzuii kunuiza. Kunamzuia kutembea tu, naye atanuiza mruko wa ukungu akutokee nyuma. Ila kasisi wenu akiweka duara la ukimya, la futi 20 kila upande kutoka katikati, na pandikizi la mtu likamburuta mchawi hadi ndani, mruko huo unakufa, kwa sababu unahitaji sauti na hakuna kingine.

Tulifanya hivyo wiki iliyopita. Mchawi yumo ndani ya duara, mdomo unacheza, neno halitoki, sisi tunapongezana. Kasisi wetu akaanza kunuiza pigo la kumaliza. Yule kijana wa Kaunta mbili, safari hii akiwa upande wa pili, ndiye mwenye mchawi huyo, akainua mkono. Kaunta hainenwi. Ni ishara ya vidole tu.